Kurudisha usukani na utulivu wa Subaru Impreza WRX iliyozeeka

Impreza WRX za umbo la GD, zile zilizotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2007, leo ni magari ya makamo. Injini nyingi bado zinavuta vizuri, lakini usukani umelegea, mbele inasukuma kwenda nje ya kona, na kila tuta linajibiwa na mgongo wa gari kwa mlio wake. Mwenye gari anapoamua kulishughulikia, mara nyingi huanza na springi fupi na rimu kubwa. Hapo ndipo fedha hupotea. Gari hili lilitoka kiwandani na usukani mzuri, na kilichoondoka kimeondokea kwenye raba, beringi, viungo na mafuta. Springi ngumu juu ya bushi (raba za kwenye viungo vya chini ya gari) zilizochanika hulifanya gari liruke zaidi na kugeuka vibaya zaidi.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio mmoja: matairi, viungo vinavyocheza, mfumo wa usukani, bushi, shokapu, alaimenti (kurekebisha pembe za magurudumu). Maboresho ya STI (kitengo cha Subaru cha magari ya mwendo mkali, na pia jina la WRX yake kali zaidi) na ya watengenezaji wengine yanaingia pale tu ambapo unabadilisha kifaa kilichokufa. Mengi ya haya yanafaa pia kwa Impreza za GC zilizotangulia, umbo ambalo Colin McRae alishindia Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, na kwa Forester za kipindi hicho, ila vipimo vya kukaza uvihakiki kwenye mwongozo wa huduma wa modeli yako.

Vifaa

Jeki ya troli ya tani 2 au zaidi, stendi nne, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) inayofika toki ya nati ya shafti ya modeli yako, soketi za 12, 14, 17 na 19 mm, soketi ya 32 mm kwa nati ya shafti, kifaa cha kutenganishia boljointi (kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka), vibano vya springi, oili ya kupenyeza kutu, brashi ya waya, mkono mrefu wa chuma wa kunyanyulia, tipeksi au rangi ya kuwekea alama, na pini mpya za spliti. Usifanye kazi chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa kuchungulia tu.

1. Liendeshe kwanza, uandike

Kabla ya kufungua nati yoyote, liendeshe kwenye lami iliyonyooka, kisha kwenye njia mbovu, na uandike dalili moja moja.

Usukani ukiwa na nafasi tupu katikati, yaani unausogeza na gari halijibu, shuku tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu), bushi za reki (mtambo wa usukani unaosukuma fimbo hizo) au kiungo cha shingo ya usukani. Gari likivuta upande wakati wa kufunga breki tu, angalia kwanza kalipa za mbele: pini zake zikikauka, pedi moja inabana na nyingine inategea, na hakuna alaimenti itakayotibu hilo. Likivuta upande wakati wote, badilishana matairi ya mbele kushoto kwa kulia (kama si ya mwelekeo mmoja). Mvuto ukihamia upande wa pili, tatizo ni tairi. Kumbuka pia kwamba barabara zetu za kuendesha kushoto zina mteremko kidogo kuelekea kushoto ili maji yatoke. Hata gari lisilo na kasoro hupeperuka upande huo taratibu na hilo si ugonjwa.

Mngurumo unaopanda na mwendo, kati ya 60 na 100 km/h, kwa kawaida ni beringi ya gurudumu. Ukikata kona ya kushoto uzito unahamia kulia. Mngurumo ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo mgonjwa. Beringi za GD, hasa za nyuma, zina sifa mbaya ya kufa mapema, basi usishangae kuikuta.

2. Matairi na rimu

Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka sita linaweza kuwa na meno ya kutosha na bado raba yake ikawa imekuwa ngumu kiasi cha kutoshika lami yenye unyevu. Matairi ya mtumba kutoka nje yanaumiza hapa: yanaonekana mazima, lakini umri wake umeandikwa ubavuni.

Saizi ya kawaida ya WRX ni 205/55R16 kwenye rimu ya inchi 6.5, na modeli za mwisho zilitumia 215/45R17 kwenye rimu ya inchi 7, zote ET55 (kiasi cha mm 55 ambacho uso wa kufungia umesogea kutoka katikati ya rimu). Ukitaka inchi 17, 225/45R17 ina kimo karibu sawa na 205/55R16 (634 mm kwa 632 mm), hivyo spidomita haidanganyi na gia hazibadiliki. Rimu ziwe 5x100 (bolti tano kwenye duara la mm 100) zenye tundu la katikati la 56.1 mm, tundu likiwa kubwa zaidi tumia ringi za kujazia, la sivyo usukani utatetemeka hata baada ya balansi. STI kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3, haziingiliani. Inchi 18 hatuzipendekezi kwa gari linalokutana na mashimo: ubavu mfupi hupeleka kila pigo moja kwa moja kwenye bushi ulizotoka kuzinunua.

Matairi yote manne yawe ya aina moja na yaliyochakaa sawasawa. WRX inaendesha magurudumu yote, na ile ya gia za mkono ina kiunganishi cha mnato ndani ya giaboksi, kinachosawazisha mwendo wa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Tairi moja likiwa na mzingo tofauti, kiunganishi kinafanya kazi bila kupumzika, kinapata joto na kufa. Kiwango kinachokubalika ni tofauti isiyozidi takriban milimita 6 za mzingo, kwa hiyo pima kwa utepe ukizungusha tairi zima.

Upepo anza na ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ukiupima tairi likiwa baridi. Mbele ikisukuma sana, jaribu kuongeza psi 2 mbele. Ni marekebisho yasiyo na gharama na wengi hawayajaribu kamwe. Nati za magurudumu kaza kwa takriban 90 Nm, kwa mkono na kwa mpangilio wa nyota. Bunduki ya upepo inapinda diski na kunyoosha nyuzi za bolti.

3. Kutafuta uchezi

Inua mbele, weka stendi chini ya fremu ili magurudumu yaning'inie. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Uchezi hapa ni boljointi ya chini au beringi. Mwambie mwenzako akanyage breki: uchezi ukitoweka ni beringi, ukibaki ni boljointi. Sasa shika kushoto na kulia na ufanye vivyo hivyo. Uchezi wa upande huu ni tairodi, ya nje au ya ndani. Weka kidole kwenye kiungo cha nje wakati mwenzako anatikisa, utausikia. Ya ndani utaihisi kwa kubana buti ya reki kwa mkono huku tairi likitikiswa.

Kuna uchezi usioonekana gari likiwa hewani. Lishushe, injini ikiwa imezimwa, mwenzako autikise usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, nawe chungulia reki. Reki yenyewe ikisogea kando kwenye krosimemba (boriti ya chini inayoibeba) kabla magurudumu hayajageuka, bushi za reki zimekwisha.

4. Tairodi na boljointi

Nunua za chapa ya 555 ya Japani au kifaa cha kiwandani. 555 za bandia zimejaa sokoni. Nyingi hujulikana kwa buti nyembamba ya raba, maandishi yasiyo na kina kwenye chuma, na kiungo kinachozunguka kwa wepesi tangu siku ya kwanza. Kiungo kipya cha kweli ni kigumu kugeuza kwa vidole.

Kubadilisha tairodi ya nje:

Legeza nati ya kufungia robo mzunguko tu, kisha weka alama ya tipeksi kwenye nyuzi mahali ilipokuwa. Toa pini ya spliti na nati ya taji. Tumia kifaa cha kutenganishia. Kama huna, piga ubavu wa jicho la chuma cha habu (kinachobeba gurudumu) kwa nyundo, usiipige bolti ya tairodi kichwani. Fungua tairodi ukihesabu mizunguko, funga mpya kwa mizunguko ileile. Kaza nati ya taji hadi 27 Nm, halafu endelea kukaza, si zaidi ya digrii 60, mpaka tundu la pini lilingane. Tundu likikataa, usirudishe nati nyuma. Nati ya kufungia ni takriban 85 Nm, lakini iache kwa sasa, fundi wa alaimenti ataifungua tena.

Boljointi ya chini ndiyo yenye kesi. Imebanwa ndani ya chuma cha habu na bolti moja ya pembeni, na bolti hiyo hupenda kuganda na kukatika. Kwa gari lililoishi pwani, au lililotoka maeneo ya Japani yanayomwagwa chumvi barabarani wakati wa theluji, chukulia kwamba imeganda. Ipulizie oili ya kupenyeza jioni na tena asubuhi. Izungushe kidogo mbele, kidogo nyuma, usiilazimishe upande mmoja. Ikikaza, pasha moto chuma cha habu kwa gesi, si bolti, ukiwa umeondoa waya wa ABS karibu na hapo na ukijua kwamba grisi na raba ya boljointi ya zamani zitaungua. Bolti ikikatika, kutoboa kwa drili ya mkono huku gari liko kwenye stendi kunaharibu tundu. Shusha chuma kizima ukipeleke kwa fundi mashine. Ukiiweka mpya, ipake grisi ya shaba na kaza 50 Nm. Nati ya taji upande wa wishiboni (mkono wa chini wa gurudumu) ni 39 Nm, kisha pini.

Beringi ya gurudumu ya umbo hili inasukumwa kwa presi. Kuigonga kwa nyundo kunaipa makovu kabla haijaanza kazi, nayo itanguruma ndani ya miezi. Jambo jingine ambalo hata gereji nzuri hulisahau: nati ya shafti ikazwe kwa toki yake kamili kabla gari halijaweka uzito kwenye gurudumu hilo. Uzito juu ya beringi isiyokazwa unaiua palepale.

5. Reki, pampu na mafuta ya usukani

Usukani mzito unaolia kama king'ora baridi asubuhi, na mafuta yenye povu kwenye chombo chake, si lazima iwe pampu imekufa. Kwenye injini za EJ, yaani familia ya injini ya WRX hii, sababu ya kawaida ni ringi ndogo ya raba kwenye bomba linaloingiza mafuta kwenye pampu. Inakuwa ngumu, inaruhusu hewa kuingia, lakini haivujishi mafuta nje, ndiyo maana haishukiwi. Ibadilishe hiyo kabla ya kununua pampu. Fungua bolti za bomba juu ya pampu, toa ringi ya zamani kwa ncha ya plastiki, lainisha mpya kwa mafuta yaleyale, rudisha.

Kisha badilisha mafuta. Mfumo unachukua takriban lita 0.7 za ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki) ya kiwango cha Dexron III; nunua lita 2 ili uweze kusafisha.

Inua magurudumu ya mbele. Nyonya mafuta ya kwenye chombo kwa bomba la sindano. Chomoa mpira wa kurudishia mafuta, uelekeze kwenye chupa, ziba tundu la chombo. Injini ikiwa imezimwa, mwenzako azungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho polepole huku wewe ukijaza mafuta mapya chomboni. Endelea mpaka yanayotoka yawe mekundu na safi. Rudisha mpira, jaza, zungusha tena mara kumi na kuendelea injini ikiwa bado imezimwa, ndipo uwashe. Ukiwasha mapema unakoroga hewa ndani ya mafuta na utasubiri saa nzima povu liishe. Usiushikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde tano.

Bushi za reki ni kazi ndogo yenye faida kubwa kuliko zote katika mwongozo huu. Mafuta ya injini yanayodondoka kutoka juu huzivimbisha na kuzilainisha, kwa hiyo ziba mvujo kwanza. Hapa bushi za poliyurethani tunazipendekeza bila wasiwasi: zinaongeza mtetemo kidogo tu kwenye usukani, na jibu la usukani linakuwa la papo hapo. Legeza vishikizo vya reki, isogeze kidogo bila kuvuta mabomba yake, toa raba za zamani, safisha, weka mpya kwa grisi ya silikoni.

Ukilazimika kufungua kiungo cha shingo ya usukani, weka alama kwenye pande zote mbili za nyuzi zake, nyoosha magurudumu, na ufunge usukani usizunguke. Usukani ukizunguka ukiwa umeachana na reki, utepe wa waya wa mkoba wa hewa ulio nyuma yake unakatika utakapourudisha. Chomoa waya hasi wa betri kabla ya kugusa chochote hapo.

Nyuma ya reki kuna skrubu kubwa yenye nati inayokandamiza mwamba wa reki kwenye pinioni. Wapo wanaoikaza ili kuondoa uchezi. Reki huchakaa zaidi katikati, kwa hiyo ukikaza mpaka katikati iwe imara, pembeni inabana, na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Gari la namna hiyo ni hatari. Reki iliyochakaa inabadilishwa.

6. Bushi

Sehemu kubwa ya hisia ya gari jipya imejificha hapa, na ndiko kazi ngumu ilipo.

Mbele, kila wishiboni ina bushi mbili. Ya mbele ni ndogo na huishi sana. Ya nyuma ni kubwa, inabeba nguvu za breki, na ndiyo inayochanika. Ichunguze kwa kuingiza mkono wa chuma kati ya wishiboni na fremu na kunyanyua: nyufa zikifunguka mpaka ndani, au chuma cha katikati kikisogea zaidi ya milimita chache, imekwisha. Dalili yake barabarani ni gari kubadilisha mwelekeo kidogo unapofunga breki, na tena unapoiachia.

Una njia tatu. Raba ya kawaida ya kiwandani inarudisha gari kama lilivyokuwa. Raba ngumu ya STI inakaza usukani bila kelele ya maana. Kwa gari la kila siku hii ndiyo chaguo letu. Ya tatu ni kifaa cha kampuni ya Whiteline kinachobadilisha mahali bushi hiyo ilipokaa: kinaongeza takriban nusu digrii ya kasta (mwinamo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu kwenda nyuma) na kupunguza tabia ya pua kuinuka unapokanyaga mafuta kutoka kwenye kona. Usukani unakuwa mzito zaidi na unarudi katikati kwa nguvu. Kwenye njia za kokoto na matuta mengi kifaa hicho kinapitisha mapigo zaidi mwilini mwa gari, kwa hiyo kifae kwa mtu wa lami.

Nyuma, kila gurudumu lina linki mbili za kando na moja ndefu ya kwenda mbele. Bushi za linki ya kwenda mbele zikilegea, mkia unatikisika ukipita kwenye viraka, na tairi la nyuma linalika kwa ngazi. Tatizo ni bolti ndefu inayopita kwenye linki za kando na chuma cha habu: inashikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi. Ukiona nati imefunguka lakini bolti inazunguka pamoja na bushi, usipoteze siku nzima. Ikate kwa msumeno pande zote mbili. Kabla ya kuanza kazi ya nyuma uwe na bolti mpya na bushi mpya mkononi, vinginevyo gari litalala juu ya stendi wiki nzima likisubiri spea.

Sasa kanuni ambayo ikivunjwa inaua bushi mpya ndani ya mwaka mmoja. Bushi ya raba imegundishwa kwenye chuma chake cha ndani na cha nje, haizunguki, inajinyonga. Ukiikaza gari likiwa linaning'inia, inakaa imejinyonga kila saa gari linapokuwa chini, na inachanika. Funga bolti zote kwa mkono, shusha gari kwenye magurudumu yake (juu ya rampu, au mbao imara chini ya matairi, ili uweze kufika chini), libonyeze mara kadhaa litulie, ndipo ukaze kwa toki. Poliyurethani haijali hilo kwa kuwa inazunguka kwenye bomba lake, lakini inadai grisi yake maalumu. Bila grisi italia kama mlango wa zamani, na grisi ya kawaida ya mafuta ya petroli haifai.

7. Shokapu na springi

Shokapu iliyovuja haina mjadala. Isiyovuja inaweza kuwa imechoka pia: gari linayumba zaidi ya mara moja baada ya tuta, au mkia unachelewa kufuata pua unapobadilisha mwelekeo haraka. Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, na maunti za juu, bampa za shokapu (raba zinazozuia isigonge mwisho) na mipira ya vumbi wakati huohuo. Maunti ya mbele iliyokufa hufanya springi ikwame kisha iruke unapozungusha usukani, na utasikia mlio wa kamba ya gitaa.

STI za umbo hili nyingi zina shokapu zilizogeuzwa, mwili juu na mkono ndani. Zikigonga kwenye mashimo madogo, usizitupe kwanza. Mara nyingi grisi ya ndani imekauka. Zikifunguliwa, zikasafishwa na kupakwa grisi upya, kelele inaisha.

Kutoa shokapu ya mbele: toa gurudumu, fungua mpira wa breki na waya wa ABS kutoka kwenye shokapu. Bolti ya juu kati ya mbili za 19 mm ina kola isiyokaa katikati, ndiyo inayorekebisha kemba, yaani mwinamo wa gurudumu; weka alama ya tipeksi ya mkao wake. Funga chuma cha habu kwa waya kwenye mwili wa gari, usikiache kianguke nje, maana kitavuta kiungo cha ndani cha shafti na kukichomoa. Fungua nati tatu za juu (12 mm), shokapu inatoka. Nati ya katikati haiguswi mpaka springi iwe imebanwa pande zote mbili kwa vibano; springi iliyoachiwa ghafla inaua mtu. Ukirudisha, nati za juu ni 20 Nm tu, na bolti mbili za chini za mbele ni 175 Nm.

Shokapu za KYB za kawaida zinatosha kwa springi za kiwandani. Ukitaka kupunguza gari kulala kwenye kona, springi za waridi za STI pamoja na shokapu zinazolingana nazo ni mchanganyiko uliopimwa na watu wanaojua kazi, na gari linashuka kwa kiasi tu. Kushusha zaidi ya milimita 25 hadi 30 ni hasara. Kwenye mbele ya aina hii wishiboni inapaswa kulala sawa au kuinama kuelekea gurudumu. Ikianza kuinuka kuelekea gurudumu, gari linalala zaidi kwenye kona ingawa springi ni ngumu, magurudumu yanapoteza kemba pale unapoihitaji, na kila tuta linausogeza usukani. Gari linaonekana la mashindano likiwa limeegeshwa, na linageuka vibaya kuliko lilivyokuwa.

8. Stabilaiza

Linki za kiwandani za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) ni za plastiki, zinapinda. Zibadilishe kwa za chuma hata kama hutagusa kingine.

WRX ina injini iliyokaa mbele ya ekseli ya mbele, ndiyo maana pua ni nzito na inasukuma nje. Dawa rahisi ni stabilaiza nene zaidi nyuma. Pima iliyopo kwa kalipa ya kupimia, kwani si matoleo yote yana unene sawa. Ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo: kutoka 20 mm hadi 22 mm unapata takriban asilimia 46 zaidi, na 24 mm ni zaidi ya mara mbili. 22 mm inatosha kwa barabara. Zaidi ya hapo vishikizo vya mwilini vinaanza kupinda na kupasuka, utahitaji vilivyoimarishwa, na kwenye mvua mkia unakuwa mwepesi kuliko madereva wengi wanavyotarajia. Fimbo ya kuunganisha maunti za juu chini ya boneti iache iwe ununuzi wa mwisho kabisa.

9. Alaimenti

Ifanyike baada ya yote yaliyotangulia. Tangi liwe nusu, upepo sahihi, buti isiwe na mizigo. Kuna gereji nyingi zinazorekebisha tou ya mbele peke yake na kukupa risiti. Tou ni pembe ya magurudumu kuelekeana au kutengana yakitazamwa kutoka juu. Dai magurudumu manne, na udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Mpangilio wa kazi ni tou ya nyuma kwanza, kisha kemba ya mbele, mwisho tou ya mbele usukani ukiwa umefungwa katikati. Ukianza mbele, marekebisho ya nyuma yatapotosha usukani tena. Usukani uliopinda unanyooshwa kwa tairodi, moja ndani na nyingine nje kwa kiasi kilekile; asiuchomoe usukani na kuupachika upya.

Vipimo vya barabara ambavyo vinafaa gari hili:

- Kemba ya mbele: hasi 1.0 hadi hasi 1.5, pande zote sawa, tofauti isizidi digrii 0.2.
- Tou ya mbele: sifuri.
- Kemba ya nyuma: hasi 1.0 hadi hasi 1.3. Kiwandani haina marekebisho, kwa hiyo ikiwa upande mmoja umekwenda mbali, tafuta linki iliyopinda.
- Tou ya nyuma: sifuri hadi mm 2 kwa jumla, kuelekea ndani. Kamwe isiwe nje.

Bolti ya kemba ikifika mwisho na bado hujapata hasi 1.0, hiyo nayo ni habari: bushi, wishiboni au chuma cha habu vimepinda kutokana na shimo au ajali.

Tou unaweza kuihakiki nyumbani. Piga mstari wa chaki katikati ya kila tairi la mbele, kwa mbele, kwenye kimo cha habu, upime umbali kati ya mistari. Sukuma gari mbele mpaka mistari ileile ifike nyuma kwenye kimo kilekile, upime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo tou, na kwa kuwa umetumia alama zilezile, tairi lisilo duara kamili halikudanganyi.

10. Kujaribu na kukaza upya

Chagua mahali wazi pasipo na watu. Ingia kwenye kona ileile kwa mwendo uleule, badilisha kitu kimoja tu kila mara. Mbele ikiendelea kusukuma, rudi kwenye kemba ya mbele kabla ya kufikiria stabilaiza nyingine. Mkia ukihangaika unapoachia mafuta katikati ya kona, pima tou ya nyuma. Usukani ukikataa kurudi katikati, shuku maunti za juu zinazobana, au skrubu ya reki iliyokazwa na aliyetangulia.

Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za magurudumu, bolti za shokapu na linki za stabilaiza. Springi mpya hukaa mahali pake ndani ya kilomita 500 hadi 1,000 za mwanzo. Irudishe alaimenti ikaguliwe hapo, maana milimita chache za kushuka zinatosha kubadilisha tou uliyoilipia.